Filamu za Krismasi za kutazama na familia: kwa nini ninaanza na It's a Wonderful Life

Desemba inapoingia, vituo vya televisheni na huduma za kutazama filamu kwa intaneti hujaza ratiba zao filamu za Krismasi, na nyingi kati ya hizo zinafanana kiasi kwamba mtu akikuta moja imefika katikati hawezi kujua kama ni ile aliyoitazama jana au ni nyingine. Mwanamke mwenye kazi kubwa mjini anarudi katika mji mdogo alikozaliwa, anakutana na kijana mpole anayeuza miti ya Krismasi, theluji inaanguka, na kabla ya saa mbili kwisha wamekwisha kuchumbiana. Sina ugomvi na wanaozipenda. Hata hivyo, nyumba inapojaa ndugu waliosafiri usiku kucha kwa basi, jioni za kuketi wote pamoja sebuleni ni moja au mbili tu kabla watu hawajaanza tena kutawanyika, na ni jambo la kusikitisha kuzitumia kwa filamu ambayo hakuna atakayeikumbuka Mwaka Mpya ukifika.

Katika mapitio haya natumia kipimo kimoja. Ninapotazama filamu ya Krismasi huuliza: kuna mtu ndani yake aliyetoa kitu ambacho hakuweza kukitoa bila kuumia? Sikukuu yenyewe inasimama juu ya habari ya kutoa, na filamu inayotupa zawadi, taa na nyimbo bila gharama yoyote kwa mhusika yeyote huniacha mkavu hata ikiwa imepigwa picha kwa ustadi mkubwa. Kwa kipimo hicho nimechagua chache, na moja kati yake nitakaa nayo kwa muda mrefu zaidi kuliko nyingine zote, kwa sababu inastahili.

Hiyo ni It's a Wonderful Life, iliyoongozwa na Frank Capra na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York tarehe 20 Desemba 1946. Ina urefu wa dakika 130 na picha zake ni nyeusi na nyeupe, na najua kwamba maelezo hayo mawili peke yake yanatosha kuwafanya vijana wa nyumbani wanyooshe mikono kutafuta simu zao. Nawaomba wavumilie nusu saa ya kwanza. Mhusika mkuu, George Bailey, anaigizwa na James Stewart, ambaye alikuwa ametoka kuendesha ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili na hii ndiyo filamu yake ya kwanza baada ya vita. George amezaliwa katika mji mdogo uitwao Bedford Falls na ndoto yake ni kuondoka hapo: anataka kusafiri dunia, asomee ujenzi, ajenge madaraja na majengo marefu. Ana begi kubwa la safari na ramani kichwani. Kila anapokaribia kuondoka, linatokea jambo. Baba yake anafariki, na bodi ya ofisi aliyoiacha inakubali kuiendeleza kwa sharti kwamba George aiongoze. Fedha za chuo alizojiwekea anampa mdogo wake, Harry, wakikubaliana kwamba Harry akihitimu atarudi kushika nafasi yake. Harry anarudi akiwa ameoa, na baba mkwe wake amekwisha kumwahidi kazi nzuri mahali pengine. Tazameni uso wa Stewart pale kwenye kituo cha treni anapopata habari hiyo. Anatabasamu kumpongeza shemeji yake mpya, kisha kamera inamfuata akiwa amegeuka, na tunaona miaka yake yote ijayo ikimpita machoni bila yeye kusema neno.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa ofisi ya akina Bailey inafanya kazi gani. Ni chama cha akiba na mikopo cha watu wa kipato cha chini, wanaoweka fedha zao pamoja ili mmoja baada ya mwingine akope na kujenga nyumba, na sisi tungeiita SACCOS bila kusita. Anayeipinga ni Bwana Potter, tajiri mwenye benki na mwenye nyumba mbovu za kupangisha, ambaye anaelewa vizuri kwamba kila mwanachama anayejenga kwake ni mpangaji aliyempotea. Lionel Barrymore anamwigiza Potter akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sauti nzito isiyo na haraka, na jambo linalomfanya atishe ni kwamba hoja zake nyingi zinasikika kama hoja za mtu mwenye busara ya fedha. Hapigi kelele. Anauliza tu kwa nini mtu asiye na dhamana akopeshwe.

Onyesho ambalo ningependa kila mwanachama wa SACCOS alitazame linatokea siku ya harusi ya George na Mary, ambaye anaigizwa na Donna Reed. Wako ndani ya teksi wakielekea fungateni, mvua inanyesha, na wanaona watu wakikimbia barabarani. Uvumi umeenea kwamba benki ya mji imeanguka, na wanachama wamefurika mlangoni mwa chama wakidai akiba zao zote, siku hiyo hiyo. George anawafungulia, anasimama nyuma ya kaunta, na anawaeleza jambo ambalo viongozi wengi wa vyama hushindwa kulieleza kwa semina nzima: fedha zenu hazimo ndani ya kasha hili, fedha zako ziko kwenye nyumba ya jirani yako, na zake ziko kwenye nyumba ya jirani mwingine, na mkizidai zote leo mtakuwa mnabomoana. Wakati huo huo Potter ametangaza kununua hisa zao kwa nusu ya thamani, na baadhi wanaanza kuelekea kwake. Ndipo Mary, akiwa bado na nguo za safari, anapoinua kitita cha dola 2,000 walizotengewa kwa ajili ya fungate na kuuliza mtu anahitaji kiasi gani.

Mwanachama wa kwanza anadai dola zake 242, zote, na hakubali kupunguza hata senti. Wa pili anachukua 20. Wanaendelea hivyo, wengine wakiona haya, hadi anafika mama mmoja mwembamba aliyevaa kofia, anauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupata dola 17 na nusu, na George anainama juu ya kaunta na kumbusu shavuni. Saa ya kufunga inapogonga zimebaki dola mbili. Kwa dola hizo mbili chama kimevuka siku, na maharusi hawana tena fungate. Sijui onyesho lingine la filamu linaloeleza ushirika kwa ufasaha kiasi hiki, likiwa na hofu, aibu, ubinafsi na utu vyote ndani ya chumba kimoja chenye watu walioloa.

Krismasi yenyewe inachelewa kufika. Tunafika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1945, na baba mdogo wa George, Billy, ambaye ni msahaulifu na mpenda kinywaji, anatumwa kupeleka benki dola 8,000 za chama. Anamkuta Potter pale, anajisifu mbele yake kuhusu Harry ambaye amekuwa shujaa wa vita na picha yake imetoka gazetini, na katika kujisifu huko anakunja gazeti pamoja na bahasha ya fedha na kumrushia Potter mapajani. Potter anaifungua ofisini kwake, anazihesabu kwa macho, anafungua mlango kidogo na kumwona mzee yule akijipapasa mifukoni kwa hofu, kisha anaufunga mlango. Hasemi kitu, wala filamu haitumii muziki mkubwa kutuambia tumchukie. Shangazi yangu, ambaye amekuwa mweka hazina wa VICOBA kwa miaka mingi, hakuweza kunyamaza tulipofika hapo. “Fedha ya kikundi haibebwi na mtu mmoja,” alisema, na kwa muda mfupi filamu ilibidi isimamishwe ili atueleze tena kuhusu kisanduku chao chenye kufuli tatu, ambacho funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Sikuona kwamba alitukatiza. Filamu iliyotengenezwa California mwaka 1946 ilikuwa imemkuta mtaalamu wake.

Baada ya fedha kupotea, George anarudi nyumbani, na hapa ndipo Capra anapofanya jambo ambalo filamu nyingi za sikukuu hazithubutu. Mti umepambwa, binti mmoja anafanyia mazoezi wimbo ule ule kwenye piano bila kuchoka, mtoto mwingine anauliza tahajia ya maneno, mdogo wa wote anavuta koti la baba, na aliye mgonjwa yuko juu kitandani na ua lake lililopukutika petali. Baba ambaye wote wamezoea upole wake anaanza kuwakaripia. Anamtukana mwalimu wa mtoto kwa simu, anapiga teke meza yenye mifano ya madaraja aliyowahi kuota kuyajenga, na vipande vinatawanyika sakafuni. Kisha anageuka, anaona nyuso za mke na watoto wake zimeganda, anaomba radhi, na mara hiyo hiyo anamuuliza binti kwa nini ameacha kupiga piano. Yeyote aliyewahi kuona mzazi akielemewa na deni siku ambayo wengine wanasherehekea atatambua kila kitu katika dakika hizo, pamoja na namna mtoto anavyojaribu kulia bila kutoa sauti.

Anamwendea Potter kukopa, akiwa hana dhamana isipokuwa bima ya maisha, naye Potter anamjibu kwamba kwa hesabu hiyo ana thamani zaidi akifa kuliko akiwa hai. Anaingia kwenye baa na kusali, ingawa anakiri kwamba si mtu wa kusali. Machozi ya Stewart katika sala hiyo hayakupangwa. Yalimtoka wakati wa kupiga picha, na Capra, ambaye hakuwa ameweka kamera karibu, aliikuza picha ile baadaye wakati wa uhariri ili uso ujae kwenye skrini. Ukitazama kwa makini utaona picha imekuwa na chengachenga kidogo pale. Baadaye anasimama darajani akikusudia kujiua ili bima ilipwe. Malaika wake mlinzi, mzee mnyenyekevu ambaye bado hajapewa mabawa, anajua namna moja tu ya kumzuia: anajirusha yeye kwanza majini. George, aliyekuja pale kufa, anaruka kumwokoa mtu asiyemfahamu, kama alivyomwokoa mdogo wake kutoka kwenye maji ya barafu utotoni na kupoteza usikivu wa sikio moja.

Kinachofuata ndicho watu wengi wanachokikumbuka, yaani safari ya kuuona mji kana kwamba George hakuwahi kuzaliwa, na nafikiri ndiyo sehemu yenye nguvu na udhaifu kwa pamoja. Nguvu yake iko kwenye mnyororo wa sababu: mdogo wake alikufa akiwa mtoto kwa kuwa hapakuwa na wa kumwokoa, na askari ambao mdogo huyo angewaokoa vitani wakafa pia, mfamasia wa mji, ambaye George alimzuia kutoa sumu kwa makosa siku aliyopokea telegramu ya kifo cha mwanawe, alifungwa miaka 20. Udhaifu wake ni kwamba balaa kubwa linaloonyeshwa kwa Mary ni kutoolewa na kufanya kazi maktaba, kana kwamba mwanamke msomi asiye na mume ni msiba sawa na kaburi la mtoto. Nina malalamiko mengine pia. Annie, mfanyakazi wa ndani wa akina Bailey, aliyeigizwa vizuri na mwigizaji Mmarekani mweusi Lillian Randolph, anatoa akiba yake mwishoni kama wengine, lakini waandishi wanamwekea utani badala ya kumwachia heshima ya tendo lake. Ni vizuri mambo haya yazungumzwe na vijana wanaotazama. Hayaiangushi filamu, ila yapo.

Halafu inakuja dakika ya mchango. Mary amezunguka mji akiwaambia watu kwamba George yuko taabuni, na hawakuuliza taabu gani. Wanaingia sebuleni mmoja baada ya mwingine wakiwa na makoti yenye theluji, wanamwaga noti na sarafu mezani, wanachama wale wale wa siku ya mvua, mfamasia, mwenye baa, mpaka mkaguzi wa hesabu aliyekuja kuchunguza vitabu anatia chake na polisi anachana hati ya kukamata. Tumekaa kwenye vikao vya michango ya harusi, ya misiba na ya matibabu, na tunajua aibu ya mtu anayechangiwa na furaha inayochanganyika na aibu hiyo. Stewart anaionyesha yote kwa kusimama tu na mtoto mgongoni. Potter haadhibiwi. Dola 8,000 anabaki nazo, na hakuna anayegundua. Wapo wanaoona hilo ni pengo katika hadithi. Mimi naliona kuwa ndiyo heshima kubwa zaidi ya filamu hii kwa watazamaji wake, kwa kuwa inakiri kwamba mwizi mkubwa anaweza kulala salama, na bado watu wakakutana na kumwinua mwenzao.

Inafaa kujua filamu hii ilivyotengenezwa, kwa sababu inabadilisha namna ya kuitazama. Mji wote wa Bedford Falls ulijengwa kwenye shamba la kampuni ya filamu ya RKO huko Encino, California, na picha zilipigwa kati ya Aprili na Julai 1946, katika joto kali. Jasho la George darajani ni la kweli. Kabla ya hapo theluji ya filamu ilikuwa mara nyingi vipande vikavu vya mahindi (cornflakes) vilivyopakwa rangi nyeupe, vilivyopiga kelele chini ya viatu kiasi kwamba mazungumzo yalilazimika kurekodiwa upya. Mafundi wa Capra walichanganya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakapata theluji isiyo na sauti, na kazi hiyo ikawapatia tuzo ya ufundi ya Oscar. Filamu yenyewe ilipendekezwa kwa tuzo tano, ikiwemo ya filamu bora, na haikushinda hata moja kati ya hizo. Mauzo yake hayakuleta faida. Mwaka 1974 wenye hakimiliki hawakuihuisha, vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuionyesha kila Desemba bila malipo ya picha, na ni katika marudio hayo ndipo ilipopata mapenzi ya watu ambayo haikuyapata kwenye majumba ya sinema.

Ya pili kwangu ni Joyeux Noël ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Mfaransa Christian Carion. Inasimulia Krismasi ya 1914 katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza huko Ulaya, pale ambapo katika maeneo kadhaa askari wa pande zinazopigana walitoka, wakasalimiana, wakaimba na kuzika maiti zao. Carion amekusanya Waskoti, Wafaransa na Wajerumani katika kipande kimoja cha ardhi, kila mmoja akizungumza lugha yake, na anaanza na watoto wa shule wa kila nchi wakikariri mashairi ya kumchukia adui. Mwimbaji wa opera aliyevaa sare ya Kijerumani anaanza kuimba usiku, zumari za Kiskoti zinamwitikia kutoka upande wa pili, na wanaume wanainua vichwa taratibu juu ya kingo za mahandaki bila kujua kama watapigwa risasi. Ningeikosoa kwa kuifanya sauti ya uimbaji kuwa safi mno kwa mahali penye tope na baridi. Lakini ujasiri wake uko baada ya Krismasi, wakati makamanda wanapopata habari na kuanza kuadhibu. Wajerumani wanapakiwa kwenye treni kupelekwa mstari wa mbele wa mashariki. Kasisi Mskoti aliyeongoza misa ya pamoja anamsikia askofu wake akiwahubiria askari wapya kwamba kuua Wajerumani ni kazi takatifu, naye anauvua msalaba wake, anautundika na kuondoka.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki hadithi hii haiko mbali kama inavyoonekana. Wiki chache kabla ya Krismasi hiyo hiyo, mwanzoni mwa Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga, na kwa miaka minne iliyofuata vita hivyo viliwachukua watu wa huku kuwa askari na wapagazi, wakafa kwa maelfu mengi kwa maradhi na njaa. Wazee wanaoipenda historia watakuwa na mengi ya kuongeza filamu ikiisha, na ni vizuri kuwaachia muda. Haifai kwa watoto wadogo.

Kwa watoto wenyewe, Home Alone ya mwaka 1990 bado haina mpinzani, na nadhani ndiyo filamu ya Krismasi inayojulikana zaidi katika nyumba zetu. Chris Columbus aliiongoza, John Hughes aliiandika, na iliingiza zaidi ya dola milioni 470 duniani. Kila mtu anajua mitego ambayo mtoto aliyesahaulika nyumbani anawawekea wezi: pasi inayoanguka, makopo ya rangi, kitasa cha mlango kilichopashwa moto. Mzazi akae karibu na kusema wazi kwamba vitu hivyo katika maisha ya kweli vinaua, kwa sababu watoto huiga. Ningependa watu wazima watazame sehemu mbili ambazo kelele za mitego huzifunika. Moja ni mama, aliyeigizwa na Catherine O'Hara, akiwa uwanja wa ndege akitoa fedha, saa na hereni zake kwa wazee wasiomjua ili apate kiti cha ndege kurudi kwa mwanawe. Nyingine ni kanisani, ambako mtoto wa miaka minane na jirani mzee anayeogopwa na mtaa mzima wanaketi kwenye benchi moja wakisikiliza kwaya ya watoto. Mzee amekuja kumsikia mjukuu wake kwa siri kwa sababu amegombana na mwanawe, na mtoto anamshauri ampigie simu. Katika msimu ambao ndugu wengine hawaji nyumbani kwa sababu ya ugomvi wa mashamba au wa maneno, dakika hizo hazipaswi kupita watu wakiwa jikoni.

Miracle on 34th Street ya mwaka 1947 ni nyepesi zaidi na inapendeza. Mzee anayedai kuwa ndiye Baba Krismasi halisi anaajiriwa na duka la Macy's jijini New York, anawaelekeza wateja kwenye maduka ya washindani pale ambapo bidhaa ni bora, na mwishowe anafikishwa mahakamani akili yake ikitiliwa shaka. Edmund Gwenn alipata tuzo ya Oscar kwa uhusika huo, na dakika anapozungumza Kidachi na yatima mdogo aliyeletwa kutoka Uholanzi baada ya vita, huku msichana anayesimama kando akitazama kwa mshangao, inatosha kueleza kwa nini. Toleo la 1994 nimelitazama na silipendekezi mahali pa lile la kwanza.

Wanaotaka habari ya kuzaliwa kwa Yesu yenyewe wengi wamelelewa na filamu ya Jesus ya mwaka 1979, ambayo ilitiwa sauti ya Kiswahili na kuonyeshwa kwenye viwanja vya vijiji kwa projekta na kitambaa cheupe. Kwa Krismasi mimi huchagua The Nativity Story ya 2006, iliyoongozwa na Catherine Hardwicke na kupigwa picha Matera nchini Italia na Morocco, kwa sababu moja: Yosefu. Oscar Isaac anamwigiza kama fundi kijana anayejua kijiji kizima kinasema nini nyuma yake, na anaamua kuubeba mzigo huo pamoja na mwanamke ambaye angeweza kumwacha apigwe mawe. Mamajusi wamepewa vichekesho visivyohitajika, na mwendo wa filamu ni wa taratibu. Onyesho la Mariamu akimwosha Yosefu miguu yenye vidonda akiwa amelala njiani linafidia hayo.

Kuna pia filamu mpya zinazowaweka watu weusi katikati. Jingle Jangle ya mwaka 2020, ya David E. Talbert, ina Forest Whitaker, ambaye watazamaji wa huku wanamkumbuka kwa kumwigiza Idi Amin katika filamu iliyopigwa Uganda; hapa ni fundi wa vitu vya kuchezea aliyeibiwa kitabu chake cha uvumbuzi na mwanafunzi wake, akakata tamaa hadi akatengana na binti yake, mpaka mjukuu wa kike mwenye kipaji cha hesabu anapobisha hodi. Nyimbo ni nyingi kuliko hadithi inavyohitaji, lakini mavazi na rangi zake zinavutia na wasichana wadogo huitazama tena na tena. A Naija Christmas ya Kunle Afolayan, ya 2021, ni ya vichekesho zaidi, mama wa Lagos akiwashindanisha wanawe watatu kuoa ili arithi mmoja. Kwa kipimo changu inagharimu kidogo, ila sauti za familia inayogombana kwa mapenzi zitasikika kama za nyumbani.

Kwa upande wa utazamaji, It's a Wonderful Life ipo pia katika matoleo yaliyotiwa rangi kwa kompyuta, na ninashauri yaepukwe: nyuso zinakuwa za nta na usiku wa darajani unapoteza giza lake. Ichaguliwe yenye maandishi ya chini, kwani wahusika huongea kwa haraka na kwa kukatizana, na pawepo mtu mmoja anayeweza kufasiri kwa wazee bila kusimamisha filamu kila mara. Ianze mapema, saa moja usiku na si baada ya saa tatu, kwa sababu saa ya mwisho ndiyo inayobeba yote na haifai kuwakuta watoto wamelala. Joyeux Noël ibaki ya usiku mwingine, wadogo wakishaingia kitandani.